Kazi ya Leta: mlango umefungwa, mbona watu wanaingia?

Kila serikali inapotangaza kwamba itaanza tena kuandika watu katika kazi ya Leta, yaani ya serikali ya Kongo, Lubumbashi inagawanyika mara mbili. Upande mmoja wako wazazi wenye mtoto aliyemaliza chuo kikuu, UNILU, au chuo cha ualimu, ISP, ambaye miaka inapita akiuza krediti za simu kando ya barabara. Hao wanauliza listi inatoka lini. Upande wa pili wako walio ndani tayari, walimu hasa, nao wanasema, "Sisi wenyewe hawatulipi vizuri, halafu wanataka kuongeza wengine?" Katikati linabaki swali ambalo mara nyingi halipati jibu: inawezekanaje Leta iahidi kuandika watu wapya na papo hapo iahidi kwamba gharama za mishahara hazitaruka? Je, kuna upande mmoja unaodanganywa?

Si lazima. Ahadi hizo mbili zinaweza kukaa pamoja, ila zinahitaji kazi ambayo haionekani kwenye hotuba. Tuanze kwa kutenganisha mambo ambayo mitaani tunayachanganya.

Kuandikwa ni kupewa karatasi. Mtu amefaulu konkuru, yaani mtihani wa kuingia kazini, au amepita njia nyingine ambazo sote tunazijua, akapewa barua ya kumpanga shuleni, hospitalini au ofisini. Sheria ya Julai 2016 inayowahusu watumishi wa kudumu wa Leta inasema njia ya kawaida ya kuingia ni konkuru. Kupata matrikuli ni hatua ya pili: jina lako linaandikwa katika vitabu vya utumishi na unapewa namba. Kumekanizwa ni hatua ya tatu: jina na namba vinaingia katika listi ya malipo Kinshasa, ili mwezi ukiisha mshahara utoke kwa jina lako. Kwa walimu, listi hiyo ilishikwa miaka mingi na SECOPE, ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Watumishi wengine wanapitia Wizara ya Utumishi wa Umma na ile ya Bajeti. Kutoka hapo makuta, yaani pesa, yanakwenda Wizara ya Fedha, Benki Kuu, kisha benki ya biashara, na huko vijijini yamepitia sana Caritas, shirika la Kanisa Katoliki.

Kati ya karatasi ya kwanza na mshahara wa kwanza inaweza kupita miezi. Inaweza pia kupita miaka. Aliyekwama hapo katikati anaitwa NU, "nouvelle unité", na jina hilo la upya linamkaa hata kama ameshafundisha darasa moja tangu watoto wake mwenyewe hawajazaliwa.

Jambo la mwisho la kuelewa ni fungu la mishahara. Ni makuta yote ambayo Leta inatoa kwa ajili ya watu wake: mshahara wa msingi, primu (posho) za kila aina, walimu, wauguzi, watu wa ofisi, mahakimu, polisi, wanajeshi. Kulidhibiti si kulipunguza. Maana yake ni kwamba fungu hilo lisipande kwa kasi kuliko kodi na ushuru unaoingia, la sivyo Leta itakopa ili kulipa mishahara, na hakitabaki kitu cha barabara, dawa wala chaki. Nchi nyingine zinaweka kipimo kabisa. Kenya, kwa mfano, iliandika katika kanuni zake za fedha za 2015 kwamba mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya serikali, ingawa yenyewe imekuwa ikikipita kipimo hicho.

Barua inayofunga mlango

Serikali ikiona fungu linavimba, jambo rahisi kuliko yote ni kuandika barua: kuanzia leo hakuna wizara kuandika mtu mpya mpaka itakapoamriwa tena. Barua hiyo haihitaji bunge wala makuta, na inawapendeza wakopeshaji. Tatizo ni kwamba watoto hawaisomi. Wanaendelea kuzaliwa na kufika miaka sita. Pembeni ya mji Ruashi inapanuka, Annexe inapanuka zaidi, shule zinafunguliwa, nyingi zikiwa za Leta lakini zikisimamiwa na makanisa. Mwalimu anakufa, mwingine anaacha kazi anakimbilia kampuni ya migodi Kolwezi. Direkta wa shule atafanya nini, aache darasa bila mtu? Anamchukua kijana mwenye diploma, anampa barua, anamwambia avumilie, matrikuli itakuja.

Mfikirie mwalimu wa aina hiyo pale Katuba, hapa hapa mjini. Barua yake iko ndani ya farde ya plastiki pamoja na fotokopi tano za diploma, kwa sababu kila mara inspekta au mtu wa kuhesabu walimu anapopita, dosie inaanza upya. Jina lake liko katika orodha ya shule, liko katika orodha ya ofisi ndogo ya mtaa, na haliko Kinshasa. Wenzake wakienda benki, yeye anabaki na madarasa mawili. Kwa kitabu cha Leta mtu huyu hayuko, kwa hiyo kwenye karatasi kufunga mlango kumefaulu: idadi haikupanda hata kwa mmoja.

Lakini mwalimu huyo anakula. Nani anamlisha? Kwa karibu miaka thelathini jibu lilikuwa wazazi, kwa yale makuta ya "motivasio" ambayo kila nyumba ya Lubumbashi iliyajua vizuri kuliko bajeti ya taifa. Fungu la mishahara halikudhibitiwa. Lilikatwa vipande na kutiwa ndani ya mfuko wa mzazi. Hilo lilionekana wazi Septemba 2019, elimu ya msingi ilipoanza kuwa bure kweli kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyosema. Watoto walijaa madarasani, motivasio ikakatazwa katika shule za msingi, na walimu waliokuwa wakiishi kwayo wakabaki mikono mitupu. Leta ikalazimika kuwamekaniza kwa mafungu, maelfu kwa maelfu, na wengine wakaendelea kungoja. Watu wakasema elimu ya bure imevimbisha mishahara. Mimi nasema iliileta mezani bili iliyokuwa imefichwa.

Wenye kucheza likelemba (upatu) wataielewa haraka hali hii. Kuna mtu anayetoa mchango wake kila juma na zamu yake ya kupokea haifiki kamwe: huyo ni NU, mchango wake ni kazi. Na kuna jina linalopokea kila zamu bila kutoa kitu: huyo ni mtumishi hewa, ambaye kwetu tunamwita fiktifu. Mama wa soko wenye likelemba ya namna hiyo hawatakaa kubishana kama waongeze wanachama au wasiongeze. Watafungua daftari kwanza.

Daftari la Leta lilifunguliwa mwaka 2023, pale Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulipotangaza ulichokikuta katika malipo. Namba zile zilizunguka sana mitandaoni: watu 145,604 wakilipwa kwa matrikuli zisizo sahihi, za uongo au za kutungwa, na wengine 53,328 wakitumia matrikuli moja na mtu mwingine. Yaani katika miaka ambayo kijana wa Katuba aliambiwa mlango umefungwa, majina yalikuwa yakiingia kwa dirisha, na kwa wingi.

Kufunga kuandika watu kunamzuia yule anayefuata utaratibu. Mwenye mjomba katika ofisi inayoshika listi hazuiwi na barua ya waziri. Kwa hiyo siku ya kufungua tena, swali la watu wangapi waingie ni la pili. La kwanza ni nani anaishika kalamu ya listi, na nani anamchungulia akiandika.

Fungu linavimba hata asipoandikwa mtu

Watu wengi wanadhani mishahara inapanda kwa sababu watu wameongezeka. Hiyo ni sababu moja tu, na mara nyingi si ile kubwa.

Tazama primu. Kwa mtumishi wa Kongo mshahara wa msingi ni mdogo, na kinachojaza mfuko ni primu: ya hatari kwa waganga na wauguzi, ya ofisi fulani, ya wizara fulani. Ofisi inayokusanya makuta inajipatia primu nzuri; ofisi isiyokusanya kitu inakaa na msingi mtupu. Kila mgomo unazaa primu mpya, kwa sababu ni rahisi kuipa kundi moja primu kuliko kupandisha barema, yaani ngazi za mishahara, ya wote. Baada ya miaka hakuna anayejua vizuri nani analipwa nini. Na mzee anayekwenda retreti, yaani kustaafu, anashtuka: primu zinabaki mlangoni, hesabu inarudi kwenye msingi.

Halafu kuna franga yenyewe. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa karibu franga 920. Mwisho wa 2023 ilikuwa imepita 2,600. Mtumishi analipwa kwa franga, mwenye nyumba wa Kamalondo anataka kodi kwa dola. Ili mtumishi abaki pale alipokuwa, bila kupanda hata ngazi moja, mshahara wake wa franga ungebidi uzidishwe karibu mara tatu. Kumbuka pia mkataba wa Mbudi: mwaka 2004 serikali na sindika, yaani vyama vya wafanyakazi, zilikubaliana kwamba hata mwenye cheo cha chini kabisa, mhudumu wa ofisi, afikie dola 208 kwa mwezi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye sindika bado zinautaja mkataba huo.

Vita navyo vina hesabu yake. Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, mishahara ya wanajeshi na polisi iliongezwa mara mbili. Usalama una bei, sibishi. Ila fungu ni lile lile, na ongezeko la namna hiyo linaweza kula nafasi za walimu na wauguzi wengi bila mtu mpya kuingia popote.

Na kuna wazee wasiotoka. Hapa watu hukosea sana wanaposema, "Wazee waende, vijana waingie, makuta ni yale yale." Mzee anayetoka anadai makuta yake ya mwisho wa kazi, na baadaye pansheni. Leta isipokuwa nayo, inamwacha ofisini, anazeeka na kalamu mkononi, na kiti chake hakifunguki. Mfuko wa CNSSAP uliundwa mwaka 2015 ili watumishi wachange na pansheni isitegemee huruma ya hazina, lakini wale waliofanya kazi miaka thelathini kabla yake hawakuchangia popote. Hapa Katanga tunajua vizuri kutoa watu kunagharimu nini. Gécamines, kampuni ya migodi ya Leta, ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuanzia 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kwenye vitabu gharama zilishuka. Madai ya wale waliotoka yaliendelea miaka na miaka.

Niongeze jambo ambalo halisemwi sana. Mwaka 2015 majimbo yalitoka 11 yakawa 26, na Katanga ya zamani ikazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila jimbo likahitaji gavana, mawaziri, bunge, madereva, masekretari. Watumishi wengi wenye uzoefu walikuwa hapa Lubumbashi, makao makuu ya zamani, na si kila mmoja alitaka kuhamia Kamina au Kalemie. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia ofisi moja mjini akakuta watu wanne kwenye meza mbili, na huko vijijini nesi mmoja anabeba kituo kizima. Ukihesabu jumla tu, utasema watu ni wengi. Mgonjwa wa kule atakuambia mengine.

Wenzetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa

Tuna mfano karibu, kilomita zipatazo 90 tu kutoka hapa. Zambia ilishindwa kulipa madeni yake ya nje Novemba 2020. Ungetarajia ifunge mlango kwa kufuli. Serikali mpya ya Hakainde Hichilema ikafanya kinyume: katika bajeti ya 2022 ikatenga makuta ya kuandika walimu 30,000 na watu wa afya zaidi ya 11,000, na mwaka huo huo ikawaandika kweli. Agosti 2022 Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo sisi tunaliita FMI, likakubali mpango wa dola bilioni 1.3.

Kwa hiyo yale maneno ya baa kwamba "FMI imekataza kuandika watu" yanahitaji kupunguzwa nguvu. Kinachotazamwa zaidi katika mipango hiyo ni jumla: mishahara inakula sehemu gani ya mapato, na pengo litajazwa kwa nini. Zambia ilijibu swali hilo la pili kwa njia iliyowaumiza watu: Desemba 2021 iliondoa ruzuku ya mafuta, na bei ikapanda kwenye pampu. Pia haikuwa ikilipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Hakuna uchawi hapo, kuna kuchagua: kitu kimoja kiliachwa ili kingine kilipwe. Na watu waliotafutwa walikuwa wa kazi mbili zilizotajwa kwa jina, darasa na wodi. Ofisi za mjini hazikuwamo katika hesabu hiyo.

Tanzania ilipita njia nyingine. Mwaka 2016 serikali ya John Magufuli ilisimamisha kuandika watu na kupandisha vyeo ili kwanza isafishe listi. Watumishi hewa zaidi ya 10,000 wakaondolewa, na Aprili 2017 wakatangazwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Listi ikawa safi zaidi, ndiyo. Lakini hao wa pili wengi walikuwa watu halisi wanaofanya kazi, na zahanati na shule zilibaki na mapengo. Kusafisha bila kuwa na wa kuziba nafasi kuna gharama yake, hata kama unachosafisha ni uchafu wa kweli.

Hilo linagusa ndoto moja tunayoipenda sana huku: kwamba tukifukuza fiktifu wote kesho, NU wote watalipwa kesho kutwa. Makuta yataokolewa, bila shaka. Ila matrikuli yenye kasoro si kila mara mtu asiyekuwako. Kati ya watu wawili wenye namba moja, mmoja anaweza kuwa mwalimu wa kweli wa Kipushi aliyeandikiwa namba vibaya na karani. Ukikata kwa kompyuta bila kwenda kumwona, umemfukuza anayefanya kazi, na mjanja atatafuta namba nyingine. Ndiyo maana kuhesabu watu kwa alama za vidole kunachukua muda. Kulipa kwa benki, kulikoanza mwaka 2011, kulisaidia kwa sababu kulipunguza mikono inayogusa makuta. Kunategemea benki iwe wazi, lakini. Watumishi wa Goma na Bukavu wanalijua hilo tangu mwanzo wa 2025, benki zilipofungwa.

"Na wabunge je?" Swali hilo haliepukiki, wala sitaliepuka. Tufanye hesabu ya mfano. Bunge la taifa lina viti 500. Ukimkata kila mbunge dola 10,000 kwa mwezi unapata dola milioni tano. Wagawie watumishi laki tano: kila mmoja anapata dola kumi. Kwa haki, ukataji huo ungekuwa na maana kubwa, kwa sababu ni vigumu kumwambia mwalimu afunge mkanda na wewe wako umelegea. Kwa hesabu peke yake, hauondoi tatizo.

Basi kufungua bila kupasua mfuko kunafanana na nini? Nafasi inatajwa kabla ya mtu: shule gani, kazi gani, barema gani, na makuta yake yako katika bajeti ya mwaka huo. NU wenye kazi halisi wanatangulia, kwa sababu wao tayari ni deni. Anayestaafu analipwa ili atoke, na si kila kiti kinachobaki wazi mjini kinajazwa. Vingine vinahamishiwa huko vijijini. Primu mpya hazizaliwi ovyo katikati ya mwaka. Na listi inatazamwa na mtu asiyekuwa yule anayeiandika.

Ukiwa na mtoto anayetaka kujaribu konkuru ijayo, muulize mambo machache kabla hujauza kitu cha kumtafutia nauli. Tangazo linataja idadi ya nafasi na mahali, au linasema tu "vijana wajiandae"? Wale waliofaulu mara ya mwisho katika wizara hiyo hiyo, wameshamekanizwa au bado ni NU? Barua atakayopewa ina tarehe ya kuanza mshahara? Na akikuta mtu anayemwambia matrikuli iko, inahitaji tu "kahawa" ya dola mia mbili, akumbuke kwamba namba za namna hiyo ndizo IGF ilizozikuta, na siku ya kukata, anayekatwa ni yule mwenye jina kwenye listi. Aliyekunywa kahawa hayumo humo.